Panya wa Mzinga Mtupu

Mama aliniamsha kabla kengele ya kambi haijagongwa, akanivisha kaptula mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu hatukuwa na mfuko wa kubebea ile ya pili. Tulikuwa tunaishi kwenye kambi ya wachumaji kahawa karibu na Thika, chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba vilivyopakwa chokaa, na kambi nzima ilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Mimi sikujua kwamba hiyo ni harufu. Nilidhani ndivyo hewa ilivyo. Nilikuja kujua siku hiyo hiyo, basi lilipoipita Matuu, nikavuta pumzi na kukuta ndani yake hamna kitu.

Tulifika Mwingi jua likiwa juu. Ilikuwa siku ya soko. Babu, baba yake mama, alikuwa anatusubiri kando ya uwanja wa mbuzi, mzee mrefu aliyevaa koti la kijeshi lililomfika magotini. Mama alimsalimia huku ameinamisha kichwa. Waliongea Kikamba, haraka haraka, nami nikashika nusu tu, kwa maana kambini watoto wa makabila yote tulicheza kwa Kiswahili na hata mama alizoea kuniongelesha hivyo. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akanifunga kifungo cha shati ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Mvua ikianza nakuja kukuchukua," akasema. "Usimsumbue babu yako."

Basi tulilokuja nalo lilikuwa linageuza kurudi. Akalipanda, akakaa upande wa pili, ule ambao sikuweza kumwona. Niliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Kutoka hapo tulipanda lori la bidhaa, mimi na babu juu ya magunia ya sukari na chumvi, tukipitia Kyuso kuelekea Tseikuru. Vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba kuna wakati sikumwona babu aliyekaa kando yangu, nilihisi tu mkono wa koti lake. Hakusema neno njia nzima. Lori lilipotushusha tulitembea kuelekea kwenye mlima wa Mumoni mpaka nikasikia kengele za mbuzi, na babu akanyoosha fimbo yake kuelekea kwenye vibanda viwili vya nyasi na ua wa miiba, akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini: "Hapa."

Niliyakumbuka haya mwezi uliopita. Kazi zangu zimekuwa za kufuata barabara, leo kambi hii, kesho ile, na sijawahi kukaa mahali miaka mitatu. Nilikuwa napita Mwingi nikanunua asali ya kienyeji iliyotiwa kwenye chupa ya soda. Nilipoifungua chumbani, kwanza ilikuja harufu ya moshi, halafu ya nta, halafu, chini kabisa, harufu ya nyasi kavu na ya kitu kidogo chenye manyoya. Nilikaa kitandani na ile chupa mkononi kwa muda mrefu kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa kukaa na chupa ya asali.

*

Mwaka ule mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imedanganya. Ilinyesha siku tatu, watu wakapanda, kisha ikaenda zake. Nilipofika mahindi yalikuwa yamesimama mashambani kama karatasi. Kilichobaki kibichi kwa babu kilikuwa mbaazi, mistari sita nyuma ya kibanda, na babu alikuwa akizitazama kila asubuhi kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Tulikula mara moja kwa siku. Wewe uliyekula mahindi ya manjano ya msaada unayajua, siwezi kukuelezea zaidi. Babu alikuwa akiyakoboa kwenye kinu ili yafanane na muthokoi, mahindi makavu yaliyotolewa maganda, akayachemsha na mbaazi kidogo, akanipakulia kwanza. Yeye alikula baada yangu, akiwa amenipa mgongo.

Bibi alikuwa amekufa zamani. Babu aliishi na mbuzi kumi na mmoja na mizinga. Mizinga yake ilikuwa magogo yaliyochimbwa ndani, yametundikwa juu ya migunga kuanzia uani mpaka miteremko ya mlima, na kila mmoja ulichongwa alama ya ukoo wake, mistari miwili na nukta. Mzinga wenye alama ya mtu mwingine haufunguliwi. Mtu angeweza kufa njaa chini yake. Hilo ndilo jambo la kwanza alilonifundisha, na alinifundisha kwa kunishika kidole na kukipitisha juu ya ile alama mara mbili, bila maelezo.

Sitasema alikuwa mkali. Alikuwa kimya. Alikaa kwenye kigoda chake saa nyingi, mikono ndani ya mikono ya koti, macho yakiwa nusu wazi, na nikimuuliza kitu alijibu baada ya muda, kwa maneno mawili. Nilidhani hanipendi. Kambini hakuna aliyewahi kukaa kimya. Hata usingizini watu walikuwa wakigombana.

Watoto wa huko niliwakuta kwenye kisima, shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, ambapo tuliwanywesha mbuzi kwa zamu. Nilipofungua mdomo siku ya kwanza msichana mmoja mwenye meno mapana akasema, "Huyu anaongea kama redio." Tangu siku hiyo waliniita Redio. Wakiniona wanasema, "Redio, tuambie habari." Na habari sikuwa nazo. Wakasema pia kwamba mimi ni wa kahawa, kwamba mama yangu alinichuma kwenye mti na sasa amenirudisha kwa kuwa sikuiva. Walicheka, nami nikacheka nao, kwa sababu sikuielewa yote. Nilipokuja kuielewa nilikuwa peke yangu na mbuzi, siku mbili baadaye.

Ndivyo nilivyoanza kuangalia mbingu. Mama alisema mvua. Hakusema mwezi wala wiki, na mimi nilikuwa sijui miezi. Asubuhi za wakati ule zilikuwa na baridi iliyoteremka kutoka mlimani, na mawingu ya kijivu yalikaa juu ya Mumoni mpaka karibu saa sita, yakayeyuka. Kila siku nilijiambia leo. Nilimuuliza babu kama yale ndiyo mawingu yenyewe. Akasema, "Hayo ni ya baridi." Nikauliza mvua itakuja lini. Akafikiri, akasema, "Bado."

*

Asubuhi moja babu alitaka kukagua mzinga uliokuwa umekimbiwa na nyuki. Nyuki wa ukame huondoka, wakauacha mzinga mtupu, na mwenye mzinga huusafisha na kuupaka nta ili wengine waingie mvua ikija. Aliushusha kwa kamba ya ngozi, akauegemeza kwenye panda ya chini ya mgunga, akatoa kifuniko. Ndani mlikuwa na nyasi kavu, manyoya ya ndege na maganda ya magome yaliyosokotwa. Babu akaingiza mkono, akautoa na kitu mkononi, akanipa.

Kilikuwa mpira. Mpira wa manyoya ya kijivu, mdogo kuliko ngumi yangu, na mkia wenye nywele nyingi kama wa kindi umeuzunguka mpaka ukafunika uso. Nilipousogeza mkia nikaona mashavu meupe, na weusi kuzunguka macho yaliyofumbwa. Kilikuwa baridi. Nimewahi kushika kuku aliyechinjwa na hata huyo huwa na joto kidogo; hiki kilikuwa baridi kama jiwe la kinu.

"Amekufa," nikasema.

Hapo ndipo nilipomwona babu akicheka, mara ya kwanza. Alicheka bila sauti, mabega tu. Alikitaja kwa jina la Kikamba ambalo nimelipoteza, na nimewauliza wengi, kila mtu ananipa jina lake. Mimi namwita panya wa mizinga. Babu akaniambia niweke kiganja usoni pa yule panya nisubiri. Nilisubiri. Nilisubiri mpaka nikachoka. Halafu mbavu zake zikapanda, mara moja, polepole, zikashuka. Kisha hamna kitu tena, muda mrefu.

"Amelala," babu akasema. "Alikula akanenepa wakati nyuki walikuwepo na wadudu walikuwepo. Sasa amezima moto wake. Mvua ikikaribia anaamka."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyokuwa ameniambia tangu Mwingi. Akamrudisha kwenye nyasi zake, akafunga kifuniko, na mzinga akauacha pale pale kwenye panda ya chini. Akasema tutamwacha amalize usingizi, kusafisha kunaweza kungoja.

Nikabaki na yale maneno. Niliyageuza siku nzima nyuma ya mbuzi. Mvua ikija, mama anakuja. Mvua ikikaribia, panya anaamka. Mtoto wa miaka saba hana kazi nyingine ila kuunganisha vitu. Ilipofika jioni nilikuwa nimeshayaunganisha, na niliyaunganisha kwa kuanzia mwisho: panya akiamka, mvua itakaribia. Na panya yuko kwenye panda ya chini, ninaifikia nikisimama juu ya jiwe.

Kesho yake nilimtoa. Nilimweka kwapani, chini ya shati, nikakaa kwenye jua na mikono nimeikunja. Kwanza alikuwa ubaridi tu uliokaa ubavuni. Halafu, baada ya muda ambao ungetosha mbuzi wote kumi na mmoja kunywa, nikahisi mtetemo, mwembamba, kama ule wa bati lori likipita mbali. Ukakua. Kifua chake kilipata joto kabla ya miguu ya nyuma. Hilo nalikumbuka kwa vidole, mbele kuna moto na nyuma bado jiwe. Masharubu yakacheza. Akafungua jicho moja, jeusi, linang'aa, akaniangalia.

Sijui kama wewe umewahi kuangaliwa hivyo. Mimi sikuwa nimeangaliwa na mtu karibu mwezi mzima.

Nilimwongelesha Kiswahili. Nilimwambia mambo yote: kambi, mama, kengele, jina la mbwa wa nyapara. Alipanda mkono wangu ndani ya shati, akashuka, akanusa punje ya mahindi ya manjano, akaiacha, naye sikumlaumu. Jua lilipogeuka na upepo kuanza alirudi kujikunja, nikamtia mzingani. Kisha nikaangalia Mumoni. Nakuapia, mawingu yalikuwa mazito kuliko jana.

Basi ikawa kila siku. Nilikuwa na haraka ya kuwafikisha mbuzi pale chini ya mgunga ili nimwamshe. Siku ambazo mawingu yalizidi nilijua tumefanya kazi nzuri. Siku ambazo hayakuja kabisa nilimwamsha mara mbili. Watoto wa kisimani waliponiita Redio sikujibu. Nilikuwa na habari kubwa kuliko yoyote waliyoijua. Aliniuma kidole gumba siku moja, na jioni babu akakiona kikiwa kimevimba.

"Nini hii?"

"Mwiba, Umau." Huko babu huitwa Umau, na neno hilo nilikuwa nimeshalizoea.

Akakisogeza kwenye mwanga wa moto. "Mwiba wenye meno mawili," akasema. Alikipaka nta, akakifunga kwa kitambaa. Hakuuliza tena. Lakini baada ya muda akasema, akiangalia moto, kwamba wakati huu kila kitu kinakaa kimya, na si kwa kupenda. Miti imeangusha majani. Nyuki wamekwenda. Hata yeye, akasema, hatembei bila sababu wala haongei bila sababu. Nilidhani ananikanya nisiongee sana.

Yule panya alianza kuwa mwepesi. Mwanzoni alikuwa mviringo kamili, shingo huioni. Sasa ngozi ilimpwaya, na nikimshika niliweza kuhesabu mifupa ya mgongo kama mbegu ndani ya ganda la mbaazi. Alichukua muda mrefu zaidi kupata joto, na mtetemo ulikuwa unakatika katikati na kuanza tena. Mimi nilifurahi. Nilidhani anapungua kwa sababu anajiandaa kukimbia, kama mtu anayevua koti. Nilidhani tumekaribia.

*

Asubuhi ya mwisho hakukuwa na jua. Nilimweka kwenye kwapa la kushoto, kisha la kulia. Nilimpulizia pumzi. Nilivua shati nikamfunga nalo, nikajilalia juu ya mikono yangu nimemfunika kwa tumbo. Mbuzi waliondoka, nilisikia kengele zikienda, nikasema nitawafuata akiamka. Kuna wakati alipata joto, nikashangilia moyoni. Lakini lilikuwa joto langu. Nilipomweka chini lilimtoka lote, na mbavu hazikupanda. Nilingoja kama nilivyofundishwa, kiganja usoni. Niliendelea kungoja mpaka nikaona viatu vya babu, vile vya tairi, mbele ya macho yangu.

Mbuzi walikuwa wamerudi nyumbani wenyewe na kuingia kwenye mbaazi. Mistari minne kati ya sita. Babu alikuwa ametoka kuwafukuza. Alikuwa bado ameshika tawi lililotafunwa.

Aliniangalia, nikiwa kifua wazi kwenye baridi ile. Akaangalia mkononi mwangu. Alichuchumaa, magoti yakalia, akamchukua panya, akamgeuza kwa kidole.

"Umemwamsha mara ngapi?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponionyesha."

Nilingoja fimbo. Nilitaka hata ije. Babu alikaa chini kwenye mavumbi na koti lake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Huyu hana ghala," akasema. "Ghala lake ni hili," na akajishika tumbo. "Akilala anatumia kidogo, punje moja, punje moja. Ukimwamsha lazima awashe moto, na kuni zake ni mwili wake. Kila ukimwamsha alikuwa anajila mwenyewe."

Nikamwambia kwa nini. Nilimwambia nusu Kikamba nusu Kiswahili, na kilio katikati, kuhusu mvua na mama na kuanzia mwisho. Sijui alielewa kiasi gani.

"Yeye huisikia mvua," akasema hatimaye. "Haileti."

"Na mama?"

Alinivisha shati, akafunga vifungo vyote mpaka kile cha juu, na panya akamrudisha kwenye mzinga, ndani ya nyasi zake, kama vile angeamka. Njiani alilibeba lile tawi la mbaazi mpaka nyumbani.

Baada ya hapo babu alikuwa akinipakulia na kusema yeye amekwisha kula. Nilimwamini. Mchana alikaa kwenye kigoda bila kusogea, na nikipita karibu nilisimama kuangalia kama kifua chake kinapanda. Kilipanda, polepole. Nilikuwa nimeanza kuogopa watu waliotulia.

Nilipofika shule ya sekondari, mwalimu wa bayolojia alitueleza habari ya wanyama wadogo na joto. Kwamba mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa, kwa hiyo panya akiwa macho lazima ale bila kupumzika ili abaki na moto wake. Kwamba chakula kikikosekana na baridi ikija, wapo wanaojiachia wapoe mpaka wakaribiane na ubaridi wa mti walimolala, moyo ukapunguza mapigo, pumzi zikaachana mbali. Kwamba wana mafuta ya rangi ya kahawia kati ya mabega, na hayo ndiyo huwaka kwanza wanapoamka, ndiyo maana kifua hutangulia kupata joto. Na kwamba kuamka mara moja hula akiba ya siku nyingi za kulala. Alichora mstari ubaoni, unashuka, unakaa chini, unapanda ghafla kama ukuta. Wenzangu waliandika. Mimi niliangalia ule ukuta nikajaribu kuhesabu nilimpandisha mara ngapi. Halafu nikamkumbuka babu kwenye kigoda, macho nusu wazi, amenipa mgongo wakati wa kula, na kalamu ikanishinda.

*

Mvua ilikuja. Ilikuja mwezi wa kumi na moja, mchana, upande wa Mumoni, na harufu ya udongo iliyotangulia ilifanya mbuzi wote wainue vichwa. Siku zile watu wa huko wanaofanya kazi mbali hurudi kupanda. Lori lilipofika Tseikuru lilishusha akina mama wenye majembe mapya na akina baba wenye mikate. Nilikwenda barabarani siku baada ya siku. Babu hakunizuia, ingawa alihitaji mtu wa kudondosha mbegu. Yule msichana wa meno mapana alinikuta pale nimelowa, akakaa nami kidogo, akaniuliza nangoja nani. Nikamwambia. Hakunitania. Akaniambia tu kwamba lori la siku hiyo limekwisha kupita, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko utani wote.

Alichokileta dereva wa lori, mara moja, ni sweta na kilo mbili za sukari, na salamu kwamba mama amepata kazi ya nyumbani kwa watu Nairobi. Watu hao hawakutaka mtoto pale. Hilo nililijua nikiwa mkubwa. Wakati ule nilikuwa na maelezo yangu. Panya ndiye aliyekuwa anashikilia ile ahadi, nami nilikuwa nimemuua. Mvua hii ilikuwa ya watu wengine. Sikumwambia yeyote. Nilivaa sweta.

Ikapita mvua hiyo, ikapita ya mwezi wa nne. Kikamba changu kikawa kizuri kiasi kwamba jina la Redio likafa lenyewe. Nilijifunza kupaka nta, kuchonga ile mistari miwili na nukta. Nilijifunza kukaa bila kusema. Kuna siku mimi na babu tulikaa uani toka asubuhi mpaka mbuzi wanarudi na hakuna aliyetoa neno, na haikuwa vibaya.

Mama alikuja kwenye baridi, mwaka wa pili, siku kavu isiyo na wingu lolote. Nilimwona mwanamke mwenye kitambaa cha kichwa cha njano akipita kwenye ua wa miiba na viatu vyake mkononi, nikadhani ni mgeni wa babu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alisimama mbele yangu, nikasimama mbele yake, na swali lililonitoka sikulipanga.

"Mama, mbona umekuja na hakuna mvua?"

Akacheka, akamtazama babu kama kumwuliza mtoto ana nini. "Mvua gani?" akasema.

Babu aliangalia chini. Nami nikaelewa kwamba hakumbuki. Lilikuwa neno tu la kumwachia mtoto, kama kile kifungo.

Tuliondoka kesho yake. Alikuwa amepata chumba Sultan Hamud, kwenye barabara ya Mombasa, na biashara ya chai, na shule ilikuwa karibu. Kabla ya kuondoka babu alinishika bega, tukaenda mpaka kwenye mgunga. Mzinga ulikuwa umetundikwa tena, nyuki waliingia mvua ilipokuja na wakaondoka tena. Akaushusha kwa kamba ya ngozi, akatoa kifuniko, akasogea ili nione.

Mpira wa kijivu, mviringo kamili, shingo huioni. Mkia juu ya uso.

"Alikuja mwenyewe," babu akasema. Kisha: "Mshike, muagane."

Nilitia mikono yangu nyuma. "Tumwache, Umau. Amebakiza siku nyingi."

Babu alinipa kifuniko. Nilizirudisha nyasi palipokuwa pamefunuka, nikakifunga kama alivyonifundisha, nikisukuma kwa kiganja na siyo kwa ngumi, ili pasiwe na kishindo. Alichukua muda mrefu kuupandisha ule mzinga. Kwenye njia mama alikuwa anaita kwamba lori halingoji mtu. Nilimwomba babu atusindikize, akasema atakaa. Akakaa chini ya mti, mikono ndani ya mikono ya koti, na nilipogeuka mara ya mwisho nilisimama kidogo mpaka nikaona kifua kinapanda. Hatukuonana tena.

Juu ya lori tulikalia magunia matupu. Mama alinikatia mkate, akaniuliza kama nasikia baridi, maana nilikuwa nimekunja mikono na viganja vyangu viko kwapani. Nikamwambia hapana. Lakini sikuvitoa mpaka tulipofika Mwingi.